Kamera Isiyokuwepo: Kuelewa Shoti na Miondoko ya Kamera katika Video za Akili Mnemba

Tangu mwaka 2023, zana za kutengeneza video kwa maandishi zilipoanza kutoka maabara na kuingia mikononi mwa watu wa kawaida, orodha ndefu za majina ya shoti zimekuwa zikisambaa kila mahali. Nakili neno hili upate mwonekano wa sinema, bandika lile upate kamera inayopaa. Watu wananakili, wanabandika, kisha wanashangaa. Waliomba kamera imsogelee mhusika, wakapata picha iliyovutwa tu. Waliomba kamera itulie, ikatikisika. Waliomba kamera imzunguke mtu, na mtu ndiye aliyezunguka. Wengi huhitimisha kwamba zana ni mbovu, au kwamba kuna neno la siri ambalo hawajalipata.

Neno la siri halipo. Kinachokosekana ni mambo mawili: kujua kila neno la kamera linaomba nini hasa, na kujua kwamba upande wa pili wa maandishi yako hakuna kamera yoyote. Nitaanza na hili la pili, maana ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya matatizo hayo.

Nini kinatokea ukibonyeza kitufe

Mfumo wa video wa akili mnemba umefundishwa kwa kuonyeshwa video nyingi mno, kila moja ikiambatana na maandishi yanayoeleza kinachoonekana. Humo umejifunza uhusiano: maneno fulani yakiwepo, picha huwa zinabadilika kwa namna fulani. Unapoandika maelekezo yako, mfumo huanza na chenga tupu, kama za televisheni isiyoshika stesheni, kisha huzisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na video inayoendana na maneno hayo. Katika mifumo mingi fremu zote za klipu, yaani picha moja moja zinazounda kipande hicho cha video, husafishwa kwa pamoja, hazipigwi moja baada ya nyingine.

Katika kazi hiyo yote hakuna lenzi, hakuna stendi, wala hakuna mtu aliyeshika chochote. Klipu ya sekunde 8 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, kasi ambayo sinema imeishi nayo tangu filamu za sauti zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1920, ina fremu 192. Tunachokiita mwondoko wa kamera ni namna fremu hizo 192 zinavyotofautiana: kipi kimehama, kipi kimekua, kipi kimeingia kutoka pembeni na kipi kimetoka.

Kwa hiyo ukiandika "kamera isogee kulia", hujaamuru kifaa kisogee. Umeomba mfululizo wa picha ambao ungepatikana iwapo kamera ingekuwepo na ingesogea kulia. Mpiga picha anapogeuza kamera yake, ulimwengu upo tayari nje ya lenzi, unamsubiri. Mfumo hauna ulimwengu huo. Kila kinachoingia upya katika picha ni lazima ukibuni papo hapo, na ukibuni kwa namna inayokubaliana na vyote vilivyokwisha kuonekana.

Swali ninaloona linafaa kuulizwa kabla ya kuandika mwondoko wowote ni hili: mwondoko huu utaulazimisha mfumo kubuni nini ambacho bado hakijaonekana? Ukilazimika kubuni kidogo, video hutoka imara. Ukilazimika kubuni vingi, tena kwa haraka, tarajia nyuso zinazobadilika na kuta zinazoyeyuka. Swali hilo litatufuata hadi mwisho.

Mambo matatu yanayochanganywa

Shoti ni kipande kimoja cha video kisichokatwa. Kila shoti ina mambo matatu yanayojitegemea. La kwanza ni ukubwa: tunaona kiasi gani cha mhusika na mazingira yake. La pili ni engo: kamera imekaa wapi ukilinganisha na mhusika. La tatu ni mwondoko: kamera inafanya nini tangu shoti inapoanza hadi inapoisha. Orodha zinazosambaa huyachanganya yote katika kapu moja, ndiyo maana mtu huandika "klozapu, droni, waidi" katika sentensi moja bila kuona kwamba ameomba vitu vinavyopingana.

Tuanze na ukubwa. Shoti pana, au waidi, humwonyesha mtu mzima na nafasi kubwa iliyomzunguka. Shoti ya mwili mzima humbana kutoka utosini hadi miguuni. Ipo pia ile inayoitwa shoti ya Kimarekani, inayokata katikati ya mapaja, ambayo jina lake linahusishwa na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani kwa kuwa ilionyesha uso na bastola ya kiunoni kwa pamoja. Shoti ya kati, au midiamu, hukata kiunoni. Klozapu ni uso, pengine na mabega. Klozapu kali ni jicho, kidole, tone la jasho.

Katika sinema ukubwa wa shoti ni uamuzi wa hisia: tunasogezwa karibu kiasi gani na mtu huyu? Katika video za akili mnemba unabaki kuwa hivyo, lakini pia unakuwa suala la hesabu. Chukua video yenye upana wa pikseli (nukta zinazounda picha) 1920 na kimo cha pikseli 1080. Mtu akisimama katika shoti pana akachukua theluthi moja ya kimo, ana pikseli 360. Kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake, kwa hiyo kichwa chote kina kimo cha pikseli kama 48. Mifumo mingi haifanyi kazi kwenye pikseli moja kwa moja. Huibana picha kwanza, na kuibana mara 8 au zaidi kwa kila upande ni jambo la kawaida. Pikseli 48 zinabaki vipande 6. Katika kimo cha vipande 6 yanatakiwa kutoshea macho mawili, pua, mdomo na tabia nzima ya mtu. Si ajabu nyuso za watu walio mbali huharibika huku klozapu ikitoka safi.

Hapo unapata kanuni ya kwanza yenye faida ya papo kwa papo. Iwapo utambulisho wa mhusika una uzito katika shoti, mlete karibu. Shoti pana itumie kuonyesha mahali, na mtu aliyemo aonekane kwa nyuma au kama kivuli, umbo lake likitosha kumtambulisha.

Umbo la video nalo lina lake la kusema. Katika video ya kusimama, ya 9 kwa 16, mwili mzima wa mtu unatoshea vizuri lakini mandhari hubanwa. Katika video ya kulala, ya 16 kwa 9, mandhari hupumua na mtu anayesimama huacha nafasi tupu pande zote mbili. Kuomba shoti pana ya uwanda katika video ya kusimama ni kujipunguzia kile ulichokitaka kabla hujaanza.

Kuhusu engo sina mengi, kwa sababu mifumo huielewa vizuri kuliko jambo lolote lingine la kamera. Engo inaonekana hata katika picha moja iliyoganda, nayo mifumo imeona picha nyingi zilizoelezwa kwa maneno hayo. Usawa wa macho humfanya mhusika kuwa sawa na mtazamaji. Kamera iliyo chini ikitazama juu humpa mhusika ukubwa na mamlaka. Iliyo juu ikitazama chini humpunguza. Ya juu kabisa, wima, hugeuza tukio kuwa ramani. Kamera iliyolazwa ubavu, upeo wa macho ukikaa mshazari, huleta wasiwasi. Andika engo mwanzoni mwa maelekezo, mara moja tu, uendelee.

Shingo na miguu

Mwondoko ndio uwanja wa mkanganyiko mkubwa, na kuna njia moja rahisi ya kuuondoa. Fanya kichwa chako kiwe ndiyo kamera.

Simama pale ulipo, usisogeze miguu. Geuza shingo kushoto kwenda kulia: hiyo ni pani. Inua uso kutoka sakafuni hadi darini: hiyo ni tilti. Laza kichwa begani: hiyo ni roli. Katika yote matatu hukuhama. Umebadilisha unachokitazama, lakini umekitazama kutoka pointi ileile.

Sasa tumia miguu. Tembea mbele ukitazama mbele: hiyo ni doli ya kuingia. Rudi kinyumenyume ukiendelea kutazama mbele: doli ya kutoka. Tembea kwa ubavu, uso ukielekea kulekule: hiyo ni traki. Chuchumaa, kisha simama polepole uso ukiwa umenyooka: kamera imepanda. Mzunguke mtu huku ukimtazama bila kumwachia: hiyo ni obiti. Hapa pointi yako ya kutazamia imebadilika kila wakati.

Miondoko ya shingo na miondoko ya miguu huleta picha za aina mbili tofauti kabisa. Ukigeuza shingo, vitu vya karibu na vya mbali huteleza pamoja kana kwamba vimechorwa kwenye ukuta mmoja. Ukitembea, vya karibu hupita haraka na vya mbali hujikokota. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya karibu na mbali ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba nafasi ina kina, kwamba yumo ndani yake. Ndiyo pia sababu watu husema video fulani "ina uhai" bila kujua wanasifu nini.

Sinema ilijifunza jambo hili mapema sana. Mwaka 1896 Alexandre Promio, mpiga picha wa ndugu Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, aliweka kamera ndani ya gondola huko Venice. Kamera haikugeuzwa, chombo ndicho kilichosogea, na majengo ya pembezoni mwa mfereji yakaanza kupita mbele ya lenzi. Mwaka 1914 Giovanni Pastrone wa Italia aliipandisha kamera kwenye kigari ili ipite polepole katikati ya seti za filamu ya Cabiria. Katikati ya miaka ya 1970 Garrett Brown wa Marekani akaleta Steadicam, fremu ya kuvaa mwilini iliyomruhusu mpiga picha kutembea na hata kupanda ngazi bila picha kutikisika.

Historia hiyo ina matumizi ya moja kwa moja kwako. Majina mengi ya miondoko ni majina ya vifaa vilivyoibeba kamera, na kila kifaa kina ladha yake ya mwendo. Kigari kwenye reli huteleza sawasawa. Kreni hupaa kwa tao. Kamera ya mkononi hupumua na kutikisika. Steadicam huelea. Droni huanza juu na huwa haina haraka ya kushuka. Mfumo umejifunza ladha hizo pamoja na majina yake. Kwa hiyo ukiandika "droni inamfuata mtu ndani ya chumba kidogo", umeomba kimo na nafasi ambavyo chumba hakina, na usishangae dari ikitoweka.

Kuvuta picha si kusogea

Tumebaki na zumu, ambayo kila mtu anaijua na ambayo wengi huitumia kumaanisha kitu kingine. Kichwa chako hakiwezi kuifanya. Jicho la mwanadamu halivuti picha. Ukitaka kuona kitu kwa ukubwa zaidi, itakubidi ukisogelee. Ndiyo maana zumu huonekana kuwa ni kazi ya kifaa, na doli huonekana kuwa ni kazi ya mtu aliyepo pale.

Hesabu inalionyesha jambo hili kuliko maelezo. Mtu amesimama mita 2 kutoka kwenye kamera, na ukuta uko mita 10. Kamera ikisogea mbele mita 1, mtu sasa yuko umbali wa mita 1, kwa hiyo anaonekana mara mbili ya alivyokuwa. Ukuta uko mita 9, nao umekua kwa takriban asilimia 11 tu. Mtu amejitokeza, ukuta umebaki nyuma. Hiyo ni doli. Sasa rudisha kamera mahali pake, uvute picha kwa lenzi mara mbili. Mtu amekua mara mbili, na ukuta nao umekua mara mbili. Hakuna aliyemwacha mwenzake. Hiyo ni zumu.

Mifumo huichanganya miondoko hii miwili kwa sababu watu nasi tunaichanganya. Mara nyingi maelezo ya video husema "zumu" kwa kila picha ambayo kitu kinakua, iwe kamera ilisogea au lenzi ilivutwa. Mfumo uliofundishwa kwa maelezo hayo hauna budi kubahatisha. Dawa yake ni kuacha kutegemea jina pekee na kueleza kinachoonekana: "kamera inamsogelea polepole, nguzo za karibu zinapita pembeni na kutoka kwenye picha, milima ya nyuma inabaki na ukubwa uleule." Sentensi hiyo haiwezi kutimizwa kwa zumu.

Upo na mwondoko unaounganisha yote mawili: kamera inasogea mbele huku lenzi ikipanuliwa, au kinyume chake, kwa kadiri ambayo mhusika habadiliki ukubwa lakini mandhari ya nyuma yake yanakimbia au yanamfuata. Mwongozaji Alfred Hitchcock aliutumia katika filamu ya Vertigo ya mwaka 1958 kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa kimo, na hadi leo wengi huuita kwa jina la filamu hiyo. Kwa akili mnemba huu ni mtihani mgumu, kwa sababu unaomba kitu kimoja kibaki na kingine kibadilike katika picha ileile. Zana zinazokuruhusu kuweka picha ya kwanza na picha ya mwisho hukupa nafasi bora hapa: tengeneza picha mbili ambazo mhusika ana ukubwa uleule lakini nyuma yake kumebadilika, kisha mfumo ujaze katikati.

Mhusika asogee au kamera isogee?

Mkimbiaji anakimbia, na kamera inakwenda sambamba naye. Ndani ya picha yeye yuko katikati muda wote. Ondoa ardhi, ondoa miti, weka anga tupu nyuma yake: shoti hiyo sasa haina tofauti yoyote na ya mtu anayekimbia papo hapo mbele ya kamera iliyosimama. Mwondoko wa kamera hauonekani wenyewe. Unaonekana kupitia vitu vingine.

Hili ni jambo ninalotamani kila anayeanza alijue, kwa maana linatatua malalamiko mengi. Ukiomba traki mbele ya ukuta mweupe, mfumo hauna pa kuionyesha. Mara nyingi utachagua kumsogeza mhusika, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichopo. Weka alama za karibu na za mbali: nyasi zinazopita mbele ya lenzi, uzio, safu ya nguzo, taa, kisha vilima au majengo nyuma kabisa. Umeupa mwendo mahali pa kuonekana.

Kisha tenganisha vitendo viwili katika sentensi mbili. Moja iseme mhusika anafanya nini: "Mwanamume ameketi, anasoma barua." Nyingine iseme kamera inafanya nini: "Kamera inamzunguka kuelekea kulia, robo duara." Ukiandika "mwanamume anasoma barua na kuzunguka", kitenzi kitamwangukia mwenye kukibeba, na huyo ni mwanamume.

Vivyo hivyo kwa kukanusha. "Kamera isitikisike" ni sentensi iliyobeba neno la kutikisika, na mifumo hii mara nyingi hushika neno kuliko kanusho lake. Sema unachokitaka: "kamera tuli juu ya stendi, picha haihami" ni bora, na "kamera imefungwa juu ya stendi, mpaka wa picha ni uleule mwanzo hadi mwisho" ni bora zaidi. Baadhi ya zana zina kisanduku tofauti cha mambo usiyoyataka. Huko ndiko mahali pa makatazo.

Kasi, na gharama ya kila mwondoko

Wapiga picha wana kanuni ya zamani kuhusu pani: kwa fremu 24 kwa sekunde, kitu kinapaswa kuchukua kama sekunde 7 kuvuka picha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, la sivyo mtazamaji ataona kurukaruka badala ya mtelezo. Ilinganishe kanuni hiyo na urefu wa klipu. Katika sekunde 8 unaweza kufanya pani tulivu yenye upana wa picha moja tu. Anayeomba kamera igeuke nyuzi 180 kisha irudi ilikotoka, ndani ya klipu hiyohiyo, ameomba kasi ambayo hata kamera halisi ingeiharibu.

Tena, kurudi kuna hatari yake. Kitu kikitoka kwenye picha, mfumo hauna mahali pa uhakika pa kukihifadhi. Kamera ikigeuka kutoka kwa mtu mwenye shati la mistari, ikarudi sekunde chache baadaye, shati linaweza kuwa na mistari mingine, au mtu akawa mwingine.

Sasa rudia lile swali la mwanzo, ukipima kila mwondoko kwa kiasi unachoulazimisha mfumo kubuni. Doli ya kuingia, polepole, ndiyo nafuu kuliko yote: kila kitakachoonekana mwishoni kilikuwepo tangu mwanzo, kinakua tu na kuongezwa undani. Ndiyo maana inafanikiwa mara nyingi, na ndiyo maana video nyingi za akili mnemba zinayo. Doli ya kutoka ni ghali, kwa kuwa kila fremu inaongeza ukingo mpya pande zote nne. Pani na tilti hubuni upande mmoja, na mzigo wake unategemea kasi. Kupanda kwa kreni hufunua ardhi na upeo wa macho ambao haukuwepo.

Obiti ni ghali kupita zote. Haifunui mandhari mapya pekee. Inafunua upande wa pili wa mhusika mwenyewe. Nywele za nyuma, sikio la pili, mgongo wa vazi, yote yabuniwe na yakubaliane na mbele. Mzunguko kamili katika sekunde 8 ni nyuzi 45 kila sekunde. Punguza iwe robo duara kwa muda uleule na utapata kasi ya nyuzi 11 hivi kwa sekunde, uso haupotei, na mtazamaji anapata hisia ileile ya kuzungukwa.

Ikiwa unaanza na picha badala ya maandishi matupu, mzigo unapungua tena. Picha hiyo imekwisha jibu suala la ukubwa na la engo. Usiyarudie, andika mwondoko tu na kitendo cha mhusika. Watu wengi hupakia klozapu kisha wanaandika "shoti pana ya mtu mzima", na mfumo unahangaika kati ya kile unachokiona na kile unachoambiwa. Zipo pia zana zenye vitelezi vya kamera kabisa, ambavyo kampuni ya Runway kwa mfano iliviingiza katika mfumo wake wa Gen-3 Alpha Turbo mwezi Novemba 2024: unachagua mwelekeo na nguvu ya mwondoko bila kuuandika. Palipo na vitelezi, vitumie. Namba haisomwi vibaya kama neno.

Mambo yanayosemwa bila msingi

Inasemwa kwamba ukitaja lenzi, mfumo utaitumia. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, huona takriban nyuzi 74 kwa upana, ya 50 huona nyuzi 40, ya 85 huona nyuzi 24. Mfumo hauhesabu nyuzi hizo. Umejifunza kwamba maandishi yenye "85mm" mara nyingi huambatana na uso uliojaa picha na nyuma iliyofifia, basi unakupa hivyo. Kutaja lenzi kunafaa kama njia ya kuomba mwonekano huo. Kutarajia usahihi wa milimita ni kujidanganya.

Inasemwa pia kwamba kuandika "8K" huongeza ubora. Idadi ya pikseli huamuliwa na mpangilio wa zana, na neno ndani ya maelekezo haliibadilishi. Neno "kisinema" nalo ni pana mno. Mwanga wa upande mmoja, kivuli kizito, doli ya taratibu, shoti ya kati kwa usawa wa macho: hayo ndiyo maneno yenye kazi ya kufanya.

Na inasemwa kwamba kamera isiyosogea inachosha. Napinga hili kwa moyo wote. Filamu za kwanza ambazo ndugu Lumière walizionyesha kwa watazamaji wa kulipa jijini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, zilipigwa kwa kamera iliyosimama, na watu walitazama kwa sababu ya kilichokuwa kinatendeka mbele yake. Kamera tuli huuacha mfumo uweke nguvu zake zote kwenye mikono, kitambaa, moshi, uso unaobadilika. Mhusika akiwa na jambo la kufanya, mpe kamera tuli kwanza, uone. Mwondoko uje ukiwa na sababu: kufunua kitu, kumfuata mtu, kusogelea hisia.

Ziada nyingine ya kujua ni kwamba mara nyingi maneno yako hayafiki kwenye mfumo wa video kama ulivyoyaandika. Kampuni ya OpenAI ilipotangaza mfumo wake wa video wa Sora mwezi Februari 2024 ilieleza kwamba maelekezo mafupi ya mtumiaji hurefushwa kwanza na mfumo wa lugha. Usiposema kamera inafanya nini, kuna anayekuamulia. Majina ya kiufundi ya Kiingereza ndiyo yaliyojaa katika maelezo ya mafunzo, kwa hiyo ukiandika kwa Kiswahili, uandike mwondoko kwa sentensi kamili, usitegemee jina moja.

Mfano mmoja

Maelekezo yanayoshindwa huwa hivi: "Video ya kisinema, bibi anashona, klozapu, droni, pani, zumu, obiti, 8K." Humo mna ukubwa na kifaa vinavyopingana, miondoko mitatu katika sekunde chache, na hakuna hata neno moja kuhusu mahali.

Yaandike upya: "Shoti ya kati, usawa wa macho. Bibi ameketi mezani akishona kitambaa cha buluu, dirisha liko kushoto kwake, mwanga wa asubuhi unaangukia mikono. Anaendelea kushona, macho yake yako kwenye sindano. Kamera inamsogelea polepole kwa mstari ulionyooka. Rili za nyuzi zilizo mezani zinapita karibu na lenzi na kutoka kwenye picha, rafu iliyo nyuma yake inabaki mbali. Shoti inaishia kwenye mikono na kitambaa." Ukubwa mmoja, engo moja, mwondoko mmoja wenye mwanzo na mwisho, kitu cha karibu na kitu cha mbali. Hakuna chochote ambacho mfumo utalazimika kukibuni kwa ghafla.

Kutoka klipu kwenda hadithi

Hadithi haikai ndani ya sekunde 8, na hapo wengi hujaribu kurefusha: wanachukua fremu ya mwisho ya klipu moja kuwa ya kwanza ya inayofuata, na tena, na tena. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa hatua chache, lakini kila hatua hurithi makosa ya iliyotangulia. Rangi hukolea, ngozi hulainika, uso husogea kidogo mbali na ulivyokuwa. Mwondoko nao hukatika kwenye kiungo, kwa sababu fremu moja iliyoganda haisemi kamera ilikuwa inakwenda kwa kasi gani.

Sinema ina njia yake ya tangu zamani, nayo ni kukata. Anza na shoti pana ya mahali, kata kwenda shoti ya kati ya mhusika, kata kwenda klozapu ya anachokishika. Kila klipu uianzishe kutoka kwenye picha safi ya mhusika yuleyule badala ya kutoka kwenye mkia wa klipu iliyopita. Badilisha ukubwa kwa kiasi kinachoonekana kila unapokata. Kutoka shoti ya kati kwenda shoti ya kati iliyo karibu kidogo huonekana kama picha imeruka kwa bahati mbaya. Na watu wawili wakizungumza, chora mstari wa kufikirika kati yao na uiweke kamera upande mmoja tu wa mstari huo katika klipu zote, ili anayetazama kulia aendelee kutazama kulia. Mfumo hautakukumbushia, kwa sababu kila klipu kwake ni mwanzo mpya. Andika katika kila maelekezo: "yuko upande wa kushoto wa picha, anatazama kulia", kwa mwenzake, "yuko upande wa kulia wa picha, anatazama kushoto."